Hai-resi kwenye simu: hela inaliwa na bando, sikio linapata nini?

Huku Mwanza kuna ubishi wa wapenda muziki ambao hauishi. Kundi moja linasema ukishasikia hai-resi, yaani ule muziki wa ubora unaozidi hata CD, basi kurudi kwenye huu wa kawaida huwezi, utaona ulikuwa unapigwa miaka yote. Kundi la pili linasema huo ni ujanja wa wauzaji, sauti ya simu ni ya simu tu hata uifanyeje. Mi nikiwasikiliza naona wote wanabishania bei ambayo siku hizi karibu haipo tena.

Zamani kweli ulikuwa unalipia. Tidal, apu ya muziki, walikuwa na malipo ya kawaida na mengine ya mara mbili kwa anayetaka ubora wa juu, Amazon nao walipoanza ya kwao mwaka 2019 wakaweka nyongeza. Halafu Juni 2021 Apple wakaiachia bila kuongeza hata senti, Amazon wakafuta nyongeza yao kipindi hichohicho, Tidal wakaunganisha bei mwaka 2024, na Spotify, ambao walitangaza muziki usiopunguzwa, siyo hai-resi kamili, Februari 2021 mwezi uleule waliotangaza kuingia Tanzania halafu wakakaa kimya mpaka watu wakawa wanawacheka, wakaileta Septemba 2025 kwa wanaolipia Premium, nchi zikifunguliwa kwa awamu. Kwa hiyo mtu anayekuuliza "nilipie hai-resi au nisilipie" mara nyingi kwenye apu yenyewe hamna cha kuongeza. Anayekula hela sasa hivi ni bando.

Na bando linaliwa kweli, twende na hesabu. Muziki wa kilobiti 96 kwa sekunde, yaani kiasi cha data inayopita kila sekunde, unakula kama MB 43 kwa saa. Ukipanda mpaka 320, ambao kwa muda mrefu ndo ulikuwa mwisho wa Spotify, unakula kama MB 144. Ubora wa CD, ile biti 16 na 44.1 kHz, yaani sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16, ukiwa mbichi ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, ukibanwa kwa FLAC au ALAC, njia za kubana faili bila kupoteza kitu, unabaki kwenye MB 350 mpaka 450 kwa saa hivi, inategemea na wimbo. Sasa hai-resi ya juu kabisa, biti 24 na 192 kHz, mbichi ni kilobiti 9,216, hiyo ni zaidi ya GB 4 kwa saa, na hata ikibanwa bado inazunguka kwenye GB 2. Apple wenyewe wanasema GB 10 za nafasi zinabeba nyimbo kama 3,000 za ubora wao wa kawaida, 1,000 za bila kupunguzwa, na 200 tu za hai-resi. Mtu anatoka Buhongwa anaenda kazini Igoma, foleni ya asubuhi na ya jioni, akijumlisha kakaa saa mbili na muziki masikioni, huyo akiacha hai-resi iwake kwa data anaweza kumaliza GB 4 kwa siku moja kabla hajafungua hata WhatsApp. Hapo ndo ujue gharama imejificha wapi.

Haya, sikio linapata nini kwa hizo GB? Hapa wapinzani wa hai-resi wana hoja nzito, na wengi wao hata hawaijui vizuri, wanaishia tu kusema "hamna tofauti". Sikio la binadamu, tena la kijana mzima, linaishia kama 20 kHz, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na umri ukienda linapungua. CD yenye 44.1 kHz inabeba mpaka nusu yake, kama 22 kHz. Hiyo 96 au 192 inaongeza mambo ya juu ya hapo, ambako popo anasikia, we husikii. Upande wa biti, 16 zinakupa nafasi ya desibeli 96 kati ya kimya na kelele ya juu, 24 zinakupa 144, lakini niambie ni chumba gani Mabatini au Igogo kina ukimya wa kutosha hata kuzimaliza hizo 96.

Na watu wamepima. Mwaka 2007 Meyer na Moran kule Marekani walichapisha jaribio lao, wakapitisha hai-resi kwenye mashine inayoishusha kuwa ya CD halafu wasikilizaji wakaulizwa ipi ni ipi, mara 554, waliopatia ni karibu nusu kwa nusu, yaani sawa na kurusha shilingi. Ila tusiwe na upande, mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500 akakuta watu wanapatia asilimia 52.3, na waliofundishwa kwanza nini cha kusikiliza wanafika kama 60. Kwa hiyo kitu kipo. Kidogo, kinahitaji mafunzo, kinahitaji vifaa, lakini kipo, anayesema hamna kabisa naye anaongopa.

Shida ni kwamba hicho kidogo kinafia njiani kabla hakijafika sikioni. Bluetooth kwanza, maana siku hizi kila mtu ana vile vidude vya masikioni visivyo na waya. Njia ya kawaida ya Bluetooth, SBC, inapitisha kilobiti kama 328 kwa sekunde ikiwa vizuri. iPhone inatumia hiyo au AAC, basi, hamna ya tatu, na Apple walishasema wazi kwamba Bluetooth ya kawaida haipitishi muziki usiopunguzwa. Njia ya LDAC ya Sony inayokuja na Android nyingi inafika 990, ila ukiiacha ijichagulie yenyewe inashuka mpaka 330 mawimbi yakisumbuka, na sehemu kama stendi ya Nyegezi ambako kila mtu ana kifaa kinarusha mawimbi, inasumbuka sana. Yaani unashusha wimbo wa kilobiti elfu kadhaa kutoka huko mtandaoni, simu inaupokea mzimamzima, halafu inaukatakata tena ili upite kwenye kitundu cha 328. Umelipia bando la ng'ombe mzima, umekula paja la kuku.

Ukisema utumie waya ndo umepona, nusu tu. Simu nyingi za Android zinapitisha sauti zote sehemu moja ya kuchanganyia ambayo kawaida inaishia 48 kHz, apu inakuandikia 192 kwenye skrini na we unafurahi, kinachotoka siyo 192. Android 14 ndo ilileta njia ya kupitisha sauti bila kuguswa kwa kifaa cha USB, na lazima apu yenyewe iikubali. iPhone nayo, kile kiwaya kidogo cha Apple cha kubadilisha kwenda pini ya kawaida kinaishia biti 24 na 48 kHz, ukitaka zaidi nunua DAC ya pembeni, yaani kifaa cha kugeuza data kuwa sauti. Wenye Tecno na Infinix ambazo bado zina tundu la iafoni wana bahati ambayo hawaijui.

Na tusisahau ile stika ya dhahabu na nyeusi iliyoandikwa Hi-Res Audio. Ile ina wenyewe, ni chama cha sauti cha Japani, na masharti yake ni pamoja na kifaa kufika 40 kHz. Pita Makoroboi uone iafoni za elfu tano zimebandikwa stika hiyohiyo, muuza anakuambia "hii original broo, hii hai-resi". Ukiivaa besi inadunda tu, sauti ya mwimbaji ipo huko nyuma ukutani.

Sasa upande wa pili, maana wanaosifia hawajakosea kila kitu. Kwanza tofauti kati ya muziki wa kilobiti 96 na ule wa 256 au 320 ni kubwa na inasikika, sikiliza visahani vya drums au kayamba, kwenye 96 vinatoa sauti ya majimaji, vinachechemea. Mtu akitoka hapo akaruka moja kwa moja mpaka hai-resi akashangaa, hajadanganyika, ila alichosikia kwa sehemu kubwa ni kutoka kwenye ubovu. Angeishia 320 angeshangaa hivyohivyo kwa bando dogo.

Pili, muziki usiopunguzwa wa kiwango cha CD una faida moja hata kwa watu wa Bluetooth. Wimbo ukishabanwa mara moja na apu, Bluetooth ikija kuubana tena, makosa yanapanda juu ya makosa. Ukianzia na usiobanwa, unabanwa mara moja tu. Siyo kwamba kila mtu atasikia, ila ni hoja ya maana.

Tatu, hii napenda kuwakumbusha wanaolia na bando: wengi wetu muziki tunasikiliza YouTube, video inacheza, simu ipo mfukoni. Saa moja ya video ya 720p inakaribia GB 1. Huyo mtu angehamia kwenye apu ya muziki akaweka ubora wa CD angekuwa anatumia nusu ya anachotumia sasa, na sauti ingekuwa bora kuliko ya YouTube.

Kuna watu pia kazi yao inawataka. Maprodyuza, na watu wa kwaya, na Mwanza kwaya tunazo za kumwaga, mtu anayesikiliza sauti ya tatu inaingia wapi chini ya sauti ya kwanza, kwenye rekodi iliyofanyika vizuri na hedifoni kubwa ya waya, usiku nyumbani pametulia, huyo apewe faili kamili. Na hata yeye nitamwambia biti 16 na 44.1 zinamtosha kusikiliza, hizo 24 na 96 azitumie wakati wa kurekodi na kuchanganya ambako kweli zinasaidia.

Halafu muziki wenyewe unaosikilizwa. Nyimbo nyingi za Kisukuma zinatembea kwa memori kadi na WhatsApp, zimebanwa, zikabanwa tena, nyingine ukiikuta kwenye apu kubwa inawezekana ilipandishwa kutoka kwenye MP3 hiyohiyo. Kuiita haina upungufu ni sawa, haijapungua tangu ilipofika pale. Bongo Fleva nazo zinapigwa masta, ile hatua ya mwisho ya kuuandaa wimbo, kwa sauti ya juu mwanzo mwisho ili zisizidiwe redioni na klabu, hapo hata hizo desibeli 96 hazitumiki robo.

Ukitaka kujua kama we ni kati ya wale wanaopatia asilimia 60, pima vizuri. Zima isawazishi (equalizer), chukua wimbo unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji, iafoni ya waya, mtu mwingine ndo awe anabadilisha ubora kwenye setingi bila kukuambia, na sauti iwe sawasawa kote. Hilo la sauti kuwa sawa ndo watu wanalisahau, ikizidi kidogo tu sikio litaichagua hiyo kila mara liseme ina ubora, kumbe ina kelele tu. Mkifika mara ishirini hesabuni umepatia ngapi.

Mi msimamo wangu ni huu. Kwa data ya simu, kwenye daladala, kwenye boda, 160 mpaka 320 inatosha na inabaki. Nyumbani au ofisini kwenye waifai isiyohesabu GB, weka ubora wa CD, apu nyingi zinakuruhusu kuchagua tofauti kwa waifai na kwa data, na ukiwa na safari ya meli kwenda Bukoba pakua kabla hujapanda, maana katikati ya ziwa mtandao unapotea na hapo siyo habari ya biti tena. Hai-resi ya 192 kwenye simu siilipii hata kwa bando la ofa. Nikiwa na elfu hamsini ya kuongeza ubora wa muziki, inaenda kwenye iafoni nzuri ya waya, na chenji naweka bando.