Difu ya LSD na dereva wa kawaida wa Nyanda za Juu Kusini

Ukitaja LSD (limited-slip differential), ile difu (gia zinazogawia tairi mbili nguvu ya injini) inayopunguza mtelezo wa tairi moja, kwenye gereji nyingi za Mbeya au Iringa, jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba hicho ni kitu cha vijana wanaokimbiza magari, na kwamba mtu anayetoka Mwanjelwa kwenda Uyole na kurudi hana haja nacho. Jibu hilo lina ukweli wake, nami nitaufikia. Ila linamsahau dereva ambaye kwetu ni wa kawaida kabisa, mwenye pikapu ya kuvuta nyuma, Hiace au Noah ya zamani, ambaye kila wiki huacha lami kilomita kumi au ishirini kufuata viazi, mbao au abiria, na ambaye mvua zetu humkabili kuanzia Novemba hadi Aprili, na huko Tukuyu, kunakonyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hata Mei.

Mwezi Machi, kwenye kijiji kimoja cha Kilolo, nilisimama zaidi ya saa moja nyuma ya Hilux iliyobeba lumbesa za viazi. Tairi lake la nyuma la kushoto lilikuwa limeingia kwenye udongo mwekundu uliolowa, likazunguka mpaka udongo ule ukang'aa kama sabuni iliyotumika. Tairi la kulia lilikuwa juu ya changarawe ngumu na lilitulia tuli. Kijiwe kilichobanwa kwenye kashata zake, yale meno ya tairi, hakikusogea hata kidogo muda wote dereva alipokuwa akikanyaga mafuta. Mzee mmoja aliyekuwa akiangalia akasema ekseli ya kulia imekatika. Hapakuwa na kilichokatika. Difu ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa, na hapo ndipo shida ilipo.

Kila dereva anajua kwamba difu huruhusu tairi la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari linapokata kona. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa kwa tairi zote mbili, na kwa kuwa tairi linaloteleza haliwezi kupokea zaidi ya kile ardhi inachokishikilia, lenzake lililosimama pazuri nalo hupewa kiasi hicho hicho. Tuchukue mfano wa hesabu. Pikapu na mzigo wake ina uzito wa kilo 2,000, ipo kwenye mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100. Mwinuko peke yake unadai msukumo wa takribani kilo 100. Tope likidai kilo 40 zaidi, jumla ni 140. Tairi la kushoto, kwenye udongo, linaweza kushika kilo 40 tu. La kulia, kwenye changarawe, lina uwezo wa kilo 300. Uwezo wote uliopo chini ya gari ni kilo 340, zaidi ya mara mbili ya mahitaji, lakini difu ya kawaida itatoa 40 na 40, yaani 80, na gari litabaki pale pale hata ukiliwekea injini ya lori la Fuso.

Difu ya LSD inayoweza kulipatia tairi lililoshika mara tatu ya nguvu ya linaloteleza itatoa 40 na 120. Jumla ni 160, na gari linapanda. Naikazania hesabu hii kwa sababu watu wengi huishia kwenye moja ya makosa mawili: wengine hudhani LSD inafunga tairi zote mbili kama difu yenye loki, kisha wanalaumu gari linapokwama; wengine hudhani haina maana yoyote kwa kuwa haifungi. Ukweli uko katikati. LSD ya aina ya gia, kama Torsen, huzidisha kile kilichopo. Tairi likiwa hewani kabisa, mara tatu ya sifuri ni sifuri. LSD ya aina ya klachi, yenye springi zinazobana sahani zake muda wote, hubakiza nguvu kidogo hata hapo, ingawa ni kidogo kweli.

Kuna ujanja mmoja ambao madereva wachache wa kwetu wanautumia. Udongo ukiwa mbaya zaidi, tuseme unashika kilo 20 tu, LSD yetu itatoa 20 na 60, ambazo hazitoshi. Vuta handibreki kidogo, kiasi cha kuongeza ukinzani wa kilo 30 kwa kila tairi la nyuma. Tairi linaloteleza sasa linakinza 50, hivyo lenzake linapewa 150. Toa 30 zinazoliwa na breki, zinabaki 120, na ukijumlisha zile 20 umefika 140. Fanya hivyo hivyo kwenye difu ya kawaida: 50 kwa 50, toa 30 kila upande, umerudi kwenye 20 na 20. Anayesema handibreki haisaidii kwenye tope anasema kweli kuhusu gari lake mwenyewe.

Historia nayo haikubali kwamba kifaa hiki ni cha mbio tu. Ni kweli kilianza kujulikana miaka ya 1930 kwenye magari ya mbio ya Auto Union ya Ujerumani, lakini mwaka 1956 kampuni ya magari ya Packard ya Marekani ilikuwa tayari inakiuza kwa wanunuzi wa magari ya barabarani, watu ambao tope lao ni theluji.

Upande wa pili una hoja nzito, na nzito kuliko zote ni ile isiyosemwa gereji. Barabara zetu za udongo zimeinuka katikati na kushuka pembeni kuelekea mfereji. Difu ya kawaida ikishindwa hapo, tairi moja huzunguka bure, lakini lile lililotulia huendelea kulishikilia gari lisiende upande. LSD inaweza kuzitelezesha zote mbili kwa pamoja, na tairi linalozunguka bure halizuii kitu kwa upande. Mkia wa gari unashuka taratibu mpaka mfereji unaupokea. Dereva mwenye mguu mzito atakwama na LSD mahali ambapo angekwama bila LSD, tofauti ni kwamba atakuwa ameingia mfereji mzima.

Hoja ya vifaa vya umeme nayo haipuuziki. Mfumo unaobana breki ya tairi linaloteleza unafanya kazi inayofanana kwa kutumia breki zilizopo, na kwa kuwa mfumo wa kudhibiti uthabiti wa gari, ambao kwa kawaida huambatana nao, umekuwa wa lazima kwa magari mapya madogo Marekani tangu 2012 na Ulaya tangu 2014, gari la karibuni lina uwezekano mkubwa wa kuja nao. Wenye magari hayo sina la kuwauzia. Wenye IST za kuvuta mbele vilevile: kuwekewa LSD kwenye gari la namna hiyo ni gharama ya kushusha giaboksi nzima, na usukani unaweza kuanza kuvutana na mikono ukikanyaga mafuta. Na anayeishi kwenye lami, hata kama ni lami ya mlima Kitonga, tairi nne zenye kashata nzuri zitamfaa kuliko difu yoyote.

Gharama ya kukitunza kifaa ndiyo hoja iliyonikuta mwenyewe. Fundi mmoja alinibadilishia oili ya difu kwa ile ya kawaida, na kwa wiki mbili gari likawa linakoroma kila nilipokata kona kali kwa mwendo mdogo, nami nikaanza kutafuta bei ya difu nyingine. LSD ya klachi huhitaji oili iliyoandikwa kuwa ni ya LSD, yenye dawa ya kulainisha msuguano wa sahani. Ilipomwagwa ile na kuwekwa hii, nikazungusha gari uwanjani kwa mtindo wa namba nane mara kadhaa, na mkoromo ukaisha. Tatizo kubwa zaidi ni desturi yetu ya kununua tairi moja moja. Tairi jipya upande mmoja na kipara upande mwingine havilingani kipenyo, kwa hiyo sahani zinasuguana safari nzima hata barabara ikiwa imenyooka, na difu inakwisha bila kuona tope.

Kwa hiyo sishauri mtu akafunge LSD kwenye gari lisilo nayo. Nashauri anayenunua gari la kuvuta nyuma kwa ajili ya barabara za vijijini aulize kama ipo, na akikuta magari mawili ya hali moja achukue lenye nayo, hata kwa kuongeza kidogo. Kuipima ile ya klachi hakuhitaji karatasi za muuzaji. Weka kabari tairi za mbele, nyanyua zote mbili za nyuma kwa jeki na ziweke juu ya stendi, gia iwe nyutro, injini imezimwa, handibreki imeachiwa, kisha zungusha tairi moja kwa mkono. La pili likienda kinyume, hiyo kwa kawaida ni difu ya kawaida, au LSD ambayo klachi zake zimekwisha, na kwa mnunuzi hayo mawili yana bei moja. Likifuata upande ule ule, ipo na ina uhai. Usijaribu hayo kwa kunyanyua tairi moja na kuwasha injini, maana tairi lililobaki chini litavuta na gari litaruka kutoka kwenye jeki.