Marekani itakumbukwa na nani?

Wamarekani wanapenda sana kujiuliza historia itawasemaje, na hizi sherehe za miaka 250 tangu 1776 zimezidisha. Mimi natunza wazee hapa Connecticut (ndiyo, boksi, msinicheke) na kila jioni nausikia mjadala huo kwenye televisheni ya sebuleni. Kuna mzee mmoja, swali lake ni moja tu: kwenu mlimwona Armstrong akikanyaga mwezi 1969? Nilimwambia marehemu baba hata redio hakuwa nayo. Akasikitika kwelikweli, utadhani nimempa habari ya msiba.

Kwa maoni yangu mwezi hautawasaidia. Kwetu Tanzania dola kubwa haikumbukwi kwa ilichojisifia. Bibi zetu wakiulizwa tarehe ya kuzaliwa walijibu "vita vya Mjerumani", karani akaandika Januari mosi, yakaisha. Mjerumani huyo alijiona ameleta ustaarabu. Kinachosimuliwa ni kiboko, Majimaji, na reli iliyofika Kigoma 1914.

Na Mmarekani alishafika kwetu kabla yake. Mkataba wake na Sayyid Said, sultani aliyetawala Unguja, ni wa 1833. Meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zilishusha Unguja vitambaa vya merikani, vikavaliwa mpaka Ujiji. Zikapakia pembe za ndovu zilizoteremshwa na wapagazi wa Kinyamwezi hadi pwani. Pembe nyingi ziliishia hapahapa Connecticut, Deep River na Ivoryton, zikakatwa vipande vyembamba vya kubandika kwenye vibao vya kubonyeza vya piano. Nimekwenda Ivoryton. Pametulia, maua kila kibaraza, na ukumbi wa maigizo uliojengwa 1911 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda. Muuza kahawa niliyemdodosa alijua habari za tembo. Tabora hajawahi kuisikia, na jina la kijiji chake ndilo hilo, "ivory", yaani pembe.

Sasa chukua mwaka 2003. Rais ni yuleyule, George W. Bush: Januari anatangaza mpango wa dawa za UKIMWI, PEPFAR, Machi anaivamia Iraq. Huku wanamkumbuka kwa Iraq. Ukitaja PEPFAR, wenzangu kazini, watu wa hospitali hao, wanakutumbulia macho.

Mimi ni wa Njombe. Kulikuwa na miaka ambayo Jumamosi bila kuzika ilikuwa ajabu, na majeneza yalipangwa barabarani kama vitanda vya kuuza. Mama yangu mdogo alikuwa ameshaitiwa mchungaji. Zikaja ARV za bure, akanyanyuka, na leo analima viazi na kugombana na madalali. Ukimsikiliza yeye, Marekani ni taifa la watu wema, basi.

Au ilikuwa. Januari 2025 misaada ikasimamishwa ghafla, na Julai mosi USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa. Mama mdogo akanipigia: "Mwanangu, hao unaokaa nao tumewakosea nini?" Nikabaki kusema mambo ya siasa, mama, mambo ya siasa.

Wajukuu zake watayasimulia yote mawili, dawa na hofu ya ile miezi. Wa Fallujah kule Iraq nao wana ya kwao, na sidhani hata mmoja atauliza habari za PEPFAR.