Baba Askofu wa Meza ya Dirishani

Shemeji yangu anaishi Orlando, kule Florida, na akija likizo Dodoma haji na zawadi tu, huja na sheria. Mwaka juzi ilikuwa sheria ya kunywa maji lita mbili kwa siku, kana kwamba hakukulia Nala kwenye nyumba ambayo ndoo moja ilikuwa inaogesha watu wanne. Safari hii kaja na sheria ya mavazi.

"Jumamosi," akatangaza, "mchana tunawapeleka watoto kwenye michezo, jioni tunakula hotelini. Hoteli ya maana, meza nimeshaweka. Tutafanya kama watu wanavyofanya Disney."

Nikakosea, nikamuuliza Disney wanafanyaje.

Ugali ulipoa. Walt Disney World, alisema, ilifunguliwa mwaka 1971, ina viwanja vinne vya michezo, na mtu anashinda humo juani kutwa nzima na pensi na raba, foleni baada ya foleni. Halafu jioni huyo huyo ana meza kwenye mgahawa wa heshima. Sasa migahawa ile huingii na nguo ya kuogelea, huingii na singlendi, huingii na nguo iliyochanika, na mwanamume anavua kofia. Upo mmoja unaitwa Victoria & Albert's, ndani ya hoteli ya Grand Floridian, ambao mwaka 2024 ulipewa nyota ya Michelin, ile tuzo ya migahawa bora. Pale mwanamume anategemewa avae koti, na mtoto aliye chini ya miaka 10 haingii kabisa. Mwanangu wa mwisho, ana miaka saba, akaacha kutafuna akanitazama kama vile sheria ile nimeitunga mimi.

"Kwa hiyo wenye akili," shemeji akahitimisha, "wanabeba nguo ya jioni kwenye begi. Mchana unavaa ya kuchezea, jioni unabadilisha."

Hapo nikatulia. Koti ninalo. Mimi ni karani wa masijala kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, na koti langu la kijivu nililinunua mitumbani Sabasaba kwa shilingi 15,000 baada ya kubishana nusu saa. Limehudhuria harusi nyingi kuliko mshenga yeyote. Ijumaa nikalitoa kwa dobi, nikalikunja na shati jeupe, suruali ya kitambaa, tai na mokasini, vyote vikaingia kwenye mfuko mbadala. Unaijua ile mifuko tuliyoletewa baada ya ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019? Wangu ni wa kijani, hauna maandishi. Kumbuka hilo la kijani.

Jumamosi nikavaa traksuti nyeusi yenye mistari myeupe pembeni na raba, tukaenda. Ya mchana sina haja ya kuyasimulia sana: bembea, puto la kurukia, vumbi, ice cream, mtoto mmoja kulia, mwingine kupotea dakika tatu. Mimi niliupakata mfuko wangu kwenye benchi kama mtu aliyebeba mahari. Nikauweka chini mara moja tu, kwenda kumtoa mwanangu kwenye puto alikong'ang'ania. Niliporudi, benchi lilikuwa na mama mmoja mnene wa heshima akifunga viatu vya mjukuu wake. Tukasalimiana, nikachukua mfuko wangu, nikamtakia jioni njema.

Saa kumi na mbili na nusu tuko hotelini. Mke wangu kabadilisha, watoto wamebadilishwa, shemeji kavaa koti la bluu linalong'aa. Mama mkwe kavaa kitenge chake cha Pasaka na amejifunga kilemba ambacho ukikitazama tu unanyoosha mgongo. Nikawaambia watangulie, nikaingia maliwatoni na mfuko wangu.

Cha kwanza kutoka mfukoni kilikuwa chupa ya maji ya tangawizi. Nikasema labda mke wangu kaiweka. Cha pili, kitabu cha nyimbo kilichoshikiliwa na raba bendi. Cha tatu kilikuwa kitu kirefu, chepesi, cha zambarau, chenye kola kubwa nyeupe. Nikakiinua mbele ya kioo. Joho la kwaya.

Nilirudisha mkono mfukoni nikapapasa pembe zote nne, maana binadamu hakati tamaa upesi. Nikatoa kipande cha tangawizi mbichi.

Nikasema liwalo na liwe, nitaingia na traksuti. Mlangoni pa mgahawa amesimama kijana mrefu mwenye kizibao cheusi, kwenye kidude cha jina kifuani ameandika jina la nyumbani kabisa, la Kigogo. Akaniangalia mistari, akashuka mpaka kwenye raba, akapanda tena.

"Samahani sana mzee wangu. Traksuti haturuhusu ndani."

Hakunijibu vibaya, nisimsingizie. Ndiyo utaratibu, na shemeji alishatuhubiria wiki nzima. Kurudi Nala kubadilisha, chakula kingekwisha. Nikampigia mke wangu, akatoka, nikamwonyesha yaliyomo mfukoni. Akaegemea ukuta. Mwanamke niliyefunga naye ndoa kanisani aliegemea ukuta akacheka bila sauti mpaka kilemba kikamlegea, kisha akajipangusa macho akasema, "Livae."

"Nivae joho la kwaya?"

"Linafunika traksuti. Wanachokataa si traksuti?"

Kwa mantiki ya kiofisi hoja ilikuwa nzito, sikuwa na cha kupinga. Tukajibanza kwenye kona ya ngazi. Joho lile lilishonwa kwa mtu mfupi kuliko mimi na mpana kuliko mimi, likaniishia katikati ya ugoko. Zipu iko mgongoni. Mke wangu akaipandisha, ikakwama, akaivuta, ikalia *krrr* kama mtu anayefunga begi la safari, ikapita. Kola ikakaa shingoni.

Sasa, asiyeijua Dodoma ataona hapa hakuna tatizo. Ila mji huu una Waanglikana wa kutosha, na kwa Mwanglikana zambarau yenye kola nyeupe haina tafsiri mbili. Kijana wa mlangoni alinyooka. Mikono ikaenda nyuma, kichwa kikashuka.

"Karibu sana, Baba Askofu."

Raba zangu zilikuwa nje kabisa, na mistari miwili ya traksuti juu yake. Hakuiona. Mtu akishaona zambarau hashuki tena kutazama miguu.

Ningemsahihisha pale pale? Ndiyo, ningeweza. Nilichosema ni "Ubarikiwe, mwanangu," na sijui kilitoka wapi.

Meza yetu ilikuwa dirishani. Shemeji aliponiona alishusha menyu taratibu. "Kule Disney," akaninong'oneza, "ukishafika miaka 14 hawakuruhusu kuingia kiwanjani umevaa kama mhusika." Watoto walijificha chini ya meza kucheka. Mama mkwe hakucheka. Alinitazama kwa muda unaotosha kumenya kiazi, kisha akauliza, kwa sauti ile ile anayoniulizia mshahara:

"Mkwe, umewekwa wakfu lini?"

Nikajishughulisha na glasi. Walikuwa wameleta juisi ya zabibu, zabibu zetu hizi za Dodoma, nyeusi kama wino wa muhuri. Mkono ulikuwa unatetemeka. Tone moja likatoka mdomoni mwa glasi, likatulia kidogo kidevuni kama linafikiri, likadondokea kwenye kola nyeupe. Nilisugua kwa kitambaa cha mezani. Likawa doa la ukubwa wa sarafu ya mia mbili.

Ndipo mzee wa meza ya jirani akasimama. Meza ile ilikuwa ya sherehe ya mahafali: binti wa chuo kikuu, UDOM, na shada lake, wajomba, mashangazi, watu kumi na tano kasoro. Mzee akaja, akainama.

"Mbukwenyi! Baba Askofu, tumebahatika. Tunaomba utuombee chakula, na huyu binti yetu amemaliza shahada."

Meza nzima ikasimama. Wahudumu wawili wakaweka trei chini. Hata meza ya wageni waliokuja na laptop wakafumba macho kwa adabu. Mke wangu alikuwa anakanyaga mguu wangu, sikujua kama ni kunizuia au kunihimiza.

Nyumbani kwetu anayeombea chakula ni mke wangu. Mimi kazi yangu ni Amina. Kwa miaka kumi na tisa maneno pekee ninayoyaandika kwa mpangilio ni barua za serikali, na ulimi ukibanwa unakimbilia unakokujua.

"Ee Bwana," nikaanza, na sauti ilikuwa nzuri, nikiri. "Husika na kichwa cha habari hapo juu."

Kimya.

"Tunapenda kukutaarifu kuwa chakula tajwa kimepokelewa kikiwa katika hali nzuri. Aidha, binti huyu amehitimu, na nyaraka zake zimeambatanishwa. Tunaomba baraka zako zimfikie mapema iwezekanavyo, na nakala ziwaendee wazazi. Kwa barua hii... kwa sala hii, naomba kuwasilisha."

"Amina!" wakaitikia kwa kishindo. Mzee alikuwa na machozi. Nilimsikia akimwambia mkewe, wakikaa, kwamba maaskofu wa siku hizi wamesoma.

Na simu yangu ikaita. Namba ngeni.

"Wewe ndiye mwenye koti la kijivu?" Sauti ya mama, nzito, ya mtu aliyezoea kuimba bila maikrofoni. "Nimekuta risiti ya dobi mfukoni, ina namba yako. Joho langu liko wapi? Mkesha unaanza saa tatu."

Nikamtajia hoteli. Lilipo joho lenyewe nikalifumbia.

Alikuja na bodaboda, mfuko wa kijani kwapani. Nilitoka mbio kumuwahi kwenye korido, mke wangu nyuma yangu. Yule mama wa benchini alisimama, akanitazama kuanzia kola mpaka raba, na nikaona anapumua ndani kama anayesubiri kuingia kwenye kiitikio.

"Baba," akasema. "Hilo ni joho la sauti ya pili. Mstari wa mbele."

Nikaanza kuomba radhi. Akanigeuza kwa bega kama mtoto anayeogeshwa, akashika zipu. Zipu ilikuwa imemeza traksuti. Akavuta yeye, akavuta mke wangu, wakavuta wote wawili mmoja akiwa ameweka goti kiunoni kwangu. Mwishowe akafungua kile kitabu cha nyimbo, kutoka katikati ya kurasa akatoa kipande cha mshumaa, akaipaka zipu nta juu na chini. Ikateleza. Wanakwaya wamepitia mengi.

Nikakimbilia maliwatoni na mfuko wangu halali. Niliporudi nimevaa koti na tai, nilimkuta ameshaliona lile doa, analinusa.

"Zabibu," akasema. Hakusema zaidi. Bora angesema.

Hapo hapo mzee wa mahafali akatokea koridoni, bahasha mkononi. Akanipita kama anavyopita nguzo.

"Mama, samahani. Baba Askofu amekwishaondoka? Tulimchangia kidogo."

Nilifungua mdomo. Mwanakwaya akaniwahi.

"Ametangulia mkeshani. Nakwenda huko huko." Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaitumbukiza kwenye mkoba. Mzee alipogeuka, mama akanitazama. "Ya sabuni," akasema, "na boda kwenda na kurudi." Akaweka joho begani akaondoka, na mpaka anafika chini ya ngazi alikuwa ameshaanza kujaribu sauti.

Nikashusha pumzi, nikarekebisha tai, nikarudi mgahawani nikiwa nimevaa kama mtu wa Orlando kwa mara ya kwanza siku ile. Kijana wa mlangoni akanyoosha mkono.

"Samahani kaka. Unaelekea wapi?"

"Pale dirishani."

Akatabasamu kwa huruma. "Ile meza ni ya Baba Askofu. Ametoka kidogo, anarudi."

Nikamwonyesha shemeji. Shemeji alikuwa ameficha uso kwenye menyu na menyu inatikisika. Nikawaonyesha watoto, wakajifanya hawanijui. Kijana akageuka kuitazama meza, kuuliza. Mama mkwe hakuinua hata macho kwenye supu.

"Mruhusu tu mwanangu," akasema. "Huyo ni dereva wake."