Maiti wa Pauni 50

"Yakhe, Jumamosi una kazi? Njoo ufe. Masaa mawili tu, pauni 50 mkononi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye sinema. Aliyenipigia ni jirani yangu, mtu wa Mombasa, tunakaa naye jengo moja hapa London mashariki. Yeye alishapewa cheo: jambazi nambari tatu. Filamu yenyewe ya magenge, imetolewa kwenye riwaya ya katuni, na nilimkuta muongozaji kaikumbatia ile riwaya kama hati ya shamba. Kila tukio lazima lifanane na mchoro wake. Kwenye mchoro kuna paka dirishani? Anatafutwa paka. Kasoro gari tu: kitabuni maiti analazwa kwenye buti la Jaguar, bajeti ikatuletea Vauxhall Cavalier iliyochoka.

Kwetu Tanga, enzi za vibanda vya video, tulizoea adui wa Kizungu awe na suti ya maana na bastola nyeusi. Hawa suti zao za mtumba, bastola zao za waridi. Naapa! Uingereza, tangu sheria ya mwaka 2006, bastola bandia inayofanana na ya kweli huiuziwi hivihivi. Watu wa filamu wameachiwa mlango, lakini lazima wathibitishe. Za rangi kali hazina maneno mengi. "Kitabu ni cheusi na cheupe," akasema muongozaji, "na filamu itakuwa nyeusi na nyeupe. Nani ataiona hiyo waridi?"

Hesabu hiyohiyo ikaniangukia mimi kwenye damu. Alfred Hitchcock, alipopiga filamu yake ya Psycho ya mwaka 1960 bila rangi, alitumia shira ya chokoleti badala ya damu. Muongozaji wetu alikuja na chupa nne. Nikamiminiwa kuanzia utosini hadi kifuani, kisha nikavuliwa kiatu cha kulia kwa sababu maiti wa kitabuni ana kiatu kimoja. Soksi ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia. Mimi nikaona haya. Yeye akafurahi, akasema ndiyo uhalisia.

Sasa, ilikuwa mwisho wa Agosti, msimu wa nyigu London, na nyigu akinusa sukari hana adabu. Tulirudia mara sita, mara tano maiti akafufuka. Mwisho wakaniegeshea mfuniko wa buti nipate stara. "Usitoke, chokoleti itaharibika, haitafanana na mchoro." Wote wakaenda kununua chipsi. Mfuniko ukajibana wenyewe: ka! Ndani tukabaki wawili, mimi na nyigu mmoja.

Simu iko kwenye koti, koti liko kwa dada wa mavazi. Nikagonga, nikapiga teke. Mara nikasikia mashine inaunguruma, mikanda inapita chini ya magurudumu, gari hilo likanyanyuka. Kumbe wasanii wetu waliegesha kwenye mistari miwili ya njano, pasiporuhusiwa gari! Nikapiga kelele kwa Kiingereza, kikaniishia, nikamalizia na "Mama yangu weee!" Wapi. Brekidauni lile lilinguruma kuliko mashine ya kusaga. Nadhani tulipita Whitechapel Road, kwenye baa ya Blind Beggar ambako Ronnie Kray alimpiga risasi George Cornell mwaka 1966. Jambazi wa kweli, bastola ya kweli. Mimi napita pale chali, nimeumwa sikio.

Kule yadi mfanyakazi akasikia gari linalia kwa lugha asiyoijua. Hakufungua, aliita polisi, na simlaumu. Walikuja wawili, hawana bunduki kama ilivyo kawaida ya polisi wengi wa huku, nikamshukuru Mungu. Buti likafunguliwa. Nyigu akatangulia kutoka. Kisha wakaniona: mtu mzima, kiatu kimoja, kapakaa kitu cha kahawia kichwa kizima, kimeanza kukauka.

Polisi kijana akarudi nyuma hatua tatu. Woga haukuwa, maana aliziba pua.

"Afande, sicho unachodhani," nikamwambia. Nikaona hajaniamini, basi nikalamba kidole.

Ningejua! Mwenzake aligeukia ukutani, mabega yakamtetemeka. Mpaka leo sijui kama alicheka au alitapika. Ikabidi nitoe ushahidi mfukoni, kopi ya ukurasa kutoka kitabuni: mtu kafa kwenye buti, juu yake majambazi wanne wanachekelea.

"Na hawa," akauliza kijana kwa sauti ya chini, "wako wapi sasa hivi?"

"Wamekwenda kula chipsi."

Gharama za kulikomboa gari zilizidi malipo yetu wote ukitujumlisha. Pauni zangu 50 nilizipata kwa mafungu, la mwisho chenji tupu. Filamu ilipotoka, nimo sekunde tatu: mguu wa kulia, basi. Hata hivyo nikamtumia mama kipande kile kwa WhatsApp, ajue mwanawe ni msanii. Akanijibu kwa sauti:

"Nimekuona mwanangu, nimekujua kwa kidole. Sasa hiyo Uingereza nzima hamna sindano na uzi?"