Msitu wa Ngezi, Pemba, unataka mabwana misitu zaidi

Machi 2025 tuliamka hapa Greenville, South Carolina, moshi umetanda. Moto wa Table Rock ulikuwa unapanda milima. Kwenye misitu ya hapa hawaishii kuzima tu. Idara ya misitu ya jimbo ina maafisa wake wenye mamlaka ya kukamata, na wao hupekua majivu kutafuta moto ulianzia wapi na nani aliuwasha. Hao hao humfuata mwizi wa magogo. Mioto mingi huanza na mtu kuchoma takataka, ndiyo maana ukiwa nje ya mji sheria inakutaka utoe taarifa kwanza kabla hujawasha.

Nimezaliwa Konde, kisiwani Pemba. Utotoni tulikuwa tukienda ufukwe wa Vumawimbi kwa miguu tukikatisha msitu wa Ngezi, chini ya mivule, jua halikugusi. Likizo yangu ya mwisho nikakuta visiki vibichi, unga wa mbao bado mweupe. Nikamuuliza mjomba.

"Usiku tunausikia msumeno wa moto," akasema. "Lakini tumwite nani? Bwana misitu yuko peke yake. Aende na tochi akakabili watu wanne wenye mapanga?"

Ndugu zetu wengine wa huku nje wakisikia habari hii husema wapelekwe wanajeshi. Mimi sikubali. Bibi anayeokota kuni zilizoanguka asije akapigwa kwa kosa la mwenye lori. Sheria ya misitu ya Zanzibar Namba 10 ya 1996 imeruhusu wanakijiji wakubaliane na serikali kutunza misitu yao, na ni jambo jema sana, ila kamati ya watu wasiolipwa haiwezi kulala porini kila siku kisha asubuhi ikalime.

Ninachotaka ni ajira. Vijana wa Konde na Makangale waajiriwe kwa mshahara, wapewe pikipiki, na wafundishwe upelelezi: gogo limetoka kisiki gani, limepakiwa gari gani, limeshushwa kwa fundi yupi au kwenye tanuri lipi la chokaa. Mnunuzi ndiye anayemtuma mkataji, naye hajawahi kukanyaga msituni. Hapa nilipo wapo maafisa wenye kazi ya kumfuatilia.

Mjomba ana kijana amemaliza kidato cha nne. Njia za Ngezi anazijua hata gizani. Yupo nyumbani, hana kazi.