Mgeni Kalipia Bahari, Bahari Haipo

Nani aliyewaambia watu kwamba bahari inakaa mahali pamoja? Hebu nijibuni. Mtu katoka Milano, katoka Warsaw, katoka Mikocheni na begi lake la magurudumu, kafika mwambao wa mashariki wa Unguja, Paje huko au Jambiani, kalala usingizi wa safari. Kaamka saa nne asubuhi, kavuta pazia: bahari hakuna. Kuna mchanga, kuna kina mama wameinama kwenye vijiti vyao vya mwani, na kule mbali kabisa kuna mstari mweupe wa mawimbi yanayopiga kwenye mwamba. Anapiga simu mapokezi. Mapokezi wanampigia fundi. Fundi! Kana kwamba kuna mtu kafunga koki.

Basi tuelezane mara moja, tusichoshane. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hapo na siku mbili tatu za baada yake, ni bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita nne. Ufukwe wa mashariki ni tambarare, kwa hiyo maji yakipwa yanaondoka kilomita nzima, pengine na zaidi. Na uhuni wenyewe uko hapa: siku za bamvua Unguja, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Saa nne asubuhi! Wakati uleule mgeni anapofuta mdomo baada ya chai na kutafuta miwani ya kuogelea. Wiki moja baadaye ni maji mafu, mambo yanageuka: saa nne asubuhi maji yapo, ila ni ya wastani, hayajai sana wala hayakauki sana.

Ile picha iliyomleta, yenye maji ya buluu mpaka kwenye ngazi za baa, ilipigwa saa kumi jioni siku ya bamvua. Hakuna aliyesema uongo. Ila hakuna aliyetaja saa. Na dawa yake ni karatasi moja yenye saa za maji, ibandikwe nyuma ya mlango na ibadilishwe kila wiki. Bei yake ni wino. Lakini uongozi umeamua kwamba karatasi mlangoni inaharibu mandhari ya chumba, bora fundi asimame barazani saa nne na nusu akimweleza mtu mzima habari za mwezi. Anayetaka kuogelea saa yoyote aende Nungwi au Kendwa, kina cha maji kiko karibu. Akifika huko atalalamika kwamba pamejaa watu.

Kuna wanaoelewa somo nusu. Wakisikia maji yamepwa wanavua viatu, wanatembea mpaka mwambani kupiga picha. Kule kuna vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu kama sindano za cherehani, na mwiba ukiingia unakatikia ndani. Wazee wanapaka utomvu wa papai bichi. Mgeni anataka helikopta. Halafu anasahau kwamba maji yakianza kurudi hayaji kwa mbele, yanajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yake, upande wa ufukweni. Kwenda ni kwa miguu mikavu, kurudi ni kwa simu kichwani. Ondoka maji yakiwa bado yanatoka, geuka yakifika mwisho wa kupwa, na vaa viatu vya raba. Haya, mmeshasikia, na kesho mtakwenda peku vilevile.

Tutoke baharini, tuingie chumbani, kwa AC. Mtu kakimbia theluji, kalipa nauli ya kutisha kutafuta joto, na kitu cha kwanza anachoshika ni rimoti: 16. Cha pili ni mlango wa baraza, anaufungua wote apate upepo wa bahari. Yakhe, chagua! AC ya kawaida ukiiweka 16 haipoozi haraka kuliko ukiiweka 24. Kasi ni ileile, ila ya 16 haipumziki, maana chumba cha paa la makuti lisilo na dari, mlango wazi, hakifiki 16 mpaka Kiyama. Unyevunyevu wa pwani unaingia moja kwa moja kwenye koili, yale mabomba ya baridi yaliyomo ndani ya AC. Filta ikiwa imezibwa na vumbi na nyuzi za taulo, hewa haipiti vizuri, koili inashika barafu. Upepo unakuwa dhaifu. Mgeni anataka kushusha zaidi, rimoti inamkatalia, anaibonyeza kwa dole gumba mpaka kitufe kinazama, kisha simu: «Gesi imekwisha.»

Gesi haijaisha. Zima upoozaji, acha feni peke yake saa moja au mbili, barafu iyeyuke yenyewe. Toa filta, osha kwa maji na sabuni, ikauke, irudishe. Usichokonoe barafu kwa kisu cha matunda, nakuomba kwa jina la Mola. Yale mabomba ni membamba, ukitoboa moja ndipo gesi inakwisha kweli. Na maji yakidondokea mto wako wa kulalia usiku, si paa linalovuja: bomba la kutolea maji limeziba kwa utelezi, linavutwa kwa mashine ya kufyonza kutoka upande wa nje, dakika kumi kazi imekwisha. Kama mashine ya nje imekufa ghafla bila ishara, fungua utazame saketi, mara nyingi utamkuta mjusi kafiri kaenda kujipasha joto. Wamekwenda pamoja, yeye na saketi.

Haya yote yanazuilika. Pwani filta zioshwe kila wiki mbili, na mashine ya nje imwagiwe maji matamu kila mwezi kuondoa chumvi kabla haijatafuna mapezi ya alumini. Ukiomba brashi na mpira wa maji unaambiwa bajeti imebana. Wiki hiyohiyo inaingia gari ya mito ya mapambo. Mito saba kwa kitanda kimoja! Kila usiku mgeni anaitupa chini, kila asubuhi mtu wa vyumba anaiokota na kuipanga upya kwa urefu.

Na kile kidude cha kadi mlangoni, kinachozima umeme mgeni akitoka? Wageni walishakishinda zamani. Wanachomeka kadi ya mazoezi ya kwao, wanakwenda ufukweni kutwa nzima, chumba kinapoozwa kwa faida ya mjusi.

Lakini nimwonee huruma nani kama si mtu wa vyumba? Kutoka ni saa nne asubuhi, kuingia ni saa nane mchana. Chumba kilicholaliwa na mgeni aliyeondoka kinataka dakika 40 kukisafisha ipasavyo: shuka, choo, mchanga (mchanga!), baraza, neti. Mpe mtu mmoja vyumba 12, hizo ni dakika 480, saa nane kamili za zamu, bila kula, bila kuswali, bila kwenda haja. Juu yake anatakiwa akunje taulo mbili ziwe bata wanaobusiana, wazungukwe na maua. Mgeni aliyeshuka na boti ya asubuhi kasimama mapokezi na madafu mkononi, anauliza kwa nini chumba hakijawa tayari. Bata bado, bosi. Na mapokezi badala ya kusema «saa nane» wanasema «dakika tano». Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Mtu akiambiwa saa nane anakwenda bwawani. Akiambiwa dakika tano anakaa juu ya begi akihesabu.

Bwawani nako kuna wataalamu. «Mmezidisha dawa, inanuka klorini.» Kinyume chake! Klorini safi haina harufu kali hivyo. Ile harufu inayochoma macho ni klorini iliyokwishakutana na jasho na mikojo, ikachoka. Maana yake dawa ni chache. Kipimo kinatakiwa kionyeshe klorini huru sehemu 1 hadi 3 kwa milioni, na pH 7.2 hadi 7.6, bwawa likinuka, linafungwa usiku na kuongezwa dawa ya kutosha kuunguza ule uchafu, asubuhi linapimwa tena kabla mtu hajaingia. Dawa bora kuliko zote ni kuoga kabla ya kuingia, na bomba lipo pale, lina kibao chenye picha kwa wasiosoma. Watu wanalipita wakiwa wamejipaka mafuta ya jua kama wanakaangwa.

Chai ya asubuhi. Bufee iko wazi saa moja mpaka saa nne. Saa moja kuna wazee wawili wa Kijerumani na mhudumu. Saa tatu na nusu pamefurika. Mpishi wa mayai ana majiko mawili, kimanda cha yai moja dakika tatu: nusu saa, mayai 20. Foleni ina watu 50, kila mmoja ana mashairi yake, huyu bila kitunguu, yule weupe peke yake, yule anataka jibini halafu anauliza kama jibini ina maziwa. Wasioweza kusubiri wanachota mayai ya kuvuruga kwenye sahani ya moto, ambayo yameshaingia rangi ya kijani. Si mabovu: yamekaa kwenye moto muda mrefu mno, salfa ya ute imekutana na chuma cha kiini. Nani wa kulaumiwa? Aliyepika trei nzima saa moja. Pika kidogo kidogo, kila dakika ishirini. Mpishi anajua, trei ndogo ndizo hazipo.

Ukiondoka mezani kufuata juisi, funika sahani yako kwa sahani nyingine. Kunguru wale waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka. Siku hizi wanabeba pakiti za siagi na wanaijua saa ya bufee kuliko wahudumu.

Vitanda vya ufukweni sina muda navyo. Vitanda 50, wageni 120, saa kumi na mbili asubuhi vyote vimeshatandikwa taulo na kitabu, wenyewe wamerudi kulala. Alasiri ya bamvua maji yanakuja mpaka pale, taulo na kitabu vinaondoka zao, na simu inapigwa kwa fundi.

Na wewe wa kwetu usicheke, umo. Mtalii wa ndani, bei ya mkazi, kitambulisho mkononi. Birika la chumbani ni la maji. Ukichemshia mayai, moja linapasuka, na anayekufuata atakunywa chai ya shombo wiki nzima hata likisuguliwa kwa ndimu. Tambi nazo zina povu, povu likimwagika linaingia kwenye kitako cha umeme, fyuzi inakata, na chumba cha jirani giza. Halafu unapiga kusema umeme wa Zanzibar mbovu.

Ila nitakutetea kwa jambo moja, maana linaniudhi kuliko mayai yote. Getini. Mgeni mwenye nywele za manjano anafika, boriti inainuliwa kabla gari halijasimama, taulo la baridi, madafu yenye ua. Wewe unafika na familia, umelipa shilingi halali, mlinzi anakuja dirishani: «Mnamtafuta nani?» Mtu anamtafuta nani, katafuta kitanda! Orodha ya wageni wa siku ingepelekwa getini kila asubuhi, karatasi moja tena, mlinzi asingekuwa na haja ya kusoma rangi za watu. Mlinzi kafundishwa kuzuia mapapasi wasiingie kuuza safari za pomboo, kufundishwa kukaribisha bado. Uso wa kwanza wa hoteli ya nyota tano ni wake, na ndiye anayelipwa kidogo kupita wote na kupewa semina mwisho wa wote, kama anapewa.

Mwisho wa yote ni bakshishi, na hapa naomba wageni mnisikilize vizuri. Noti ya dola iliyochanika pembeni, au ya kabla ya 2006, maduka ya fedha wanaikataa au wanainunua kwa bei ya kuikomoa. Na sarafu za yuro hazibadilishwi popote kisiwani. Mgeni anaacha juu ya mto sarafu tano za yuro mbili mbili, zimepangwa vizuri, na kikaratasi cha asante kilichochorwa moyo. Ni yuro kumi, pesa nzuri, na mtu hawezi kununulia hata kilo ya sukari. Zinakusanywa kwenye kopo la maziwa ya unga chumba cha kufulia, na kila Jumamosi, siku Waitaliano wanapoondoka, mmoja wetu anasimama mapokezi na lile kopo akitafuta mwenye uso wa upole, amwombe abebe sarafu hamsini mfukoni na kuacha noti. Wengine wanakubali. Wengine wanadhani wanauziwa kitu, wanasema «no, grazie» na kupanda basi.