Kujaza risasi mwenyewe kwa bunduki ya leva: kuna faida kweli?

Kwa watu wa shabaha huku Uingereza na Marekani, hasa wale wa bunduki za leva, yani zile unazokoki kwa kushusha na kupandisha ule mkono wa chuma ulio chini ya triga, kuna mjadala hauishi: ununue risasi za kiwandani au ukae mezani na presi, mashine ya mkono ya kujazia, ujaze zako mwenyewe. Jibu linalotoka haraka siku zote ni jaza mwenyewe utaokoa hela. Mimi naunga mkono kujaza lakini hiyo sababu ya hela naiona ndio dhaifu kuliko zote, na watu wakiingia kwa sababu hiyo ndio wanaanza kukimbizana na muda pale mezani, kitu ambacho hakitakiwi kabisa.

Kwanza tuelewane kwa nini leva zimekuwa na watu wengi hivi. Uingereza baada ya mauaji ya watoto wa shule Dunblane, Scotland, mwaka 1996, sheria za 1997 zilifuta karibu bastola zote mikononi mwa raia, na waliokuwa wanashindana kwa bastola wengi wakahamia kwenye leva fupi zinazotumia risasi zilezile za bastola, .38 Special na .357 Magnum, mechi zao nyingi ni mita 50 kushuka chini na uwanja wao mkubwa ni Bisley. Marekani wana chama cha SASS tangu 1987, wale wanaovaa kama wachunga ng'ombe wa zamani na kupiga mabamba ya chuma kwa kasi. Halafu kuna mchezo wa wanyama wa chuma ulioanzia Mexico, kuku, nguruwe, bata mzinga na kondoo dume, kwa leva kubwa kuku wako mita 50 na kondoo wako mita 200. Hii ni michezo mitatu tofauti, na kosa kubwa la mjadala huu ni kuisema kama mmoja.

Sasa hela. Ganda la shaba ndilo sehemu ya gharama na unalitumia tena na tena, kwa hiyo kweli kila risasi inakutoka kwa bei ya chini. Lakini kuna presi, kalibu, mizani, mashine ya kusafishia maganda, na watu wengi wakishapata risasi za bei nafuu wanapiga nyingi zaidi, mwisho wa mwaka matumizi ni yaleyale. Na praima, vile vikombe vidogo vya kitako cha ganda vinavyowasha baruti, hazitabiriki, tangu 2020 miaka kama miwili hivi Marekani zilipotea madukani, waliokuwa na presi nzuri na maganda tele wakakaa tu. Uingereza nako tangu sheria ya 2006 huuziwi praima kirahisi bila kuonesha cheti cha silaha.

Sababu ya kweli ni bunduki yenyewe. Magazini ya leva nyingi ni bomba chini ya mtutu, risasi zimelala moja nyuma ya nyingine, pua ya hii imegusa praima ya ile ya mbele yake. Ukiweka pua iliyochongoka kuna hatari teke la bunduki liifanye igonge praima na kuiwasha humo humo ndani, ndio maana risasi nyingi za leva zina pua bapa. Halafu ile springi ya bomba inasukuma muda wote, mdomo wa ganda usipobanwa vizuri kichwa, yani ile sehemu ya mbele inayoruka, kinazama ndani ya ganda na presha inapanda. Na urefu! Winchester 1873 na nakala zake zinapandisha risasi kwa kipande kama tofali, risasi ikizidi urefu kidogo tofali halipandi, ikiwa fupi mno inayofuata inachungulia na kila kitu kinakwama, na saa inahesabu.

Upande wa pili watasema viwanda vinalijua hilo, na kwa .30-30 wako sahihi kabisa, hiyo ni risasi ya leva tangu 1895 na za kiwandani zinapita bila shida. Shida iko kwenye .38 Special sababu nyingi zimetengenezwa kwa kuifikiria rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, na zile fupi zisizo na pua kabisa, ambazo kwenye rivolva zinatoboa karatasi vizuri mno, leva nyingi zinazikataa. Hapo mwenye presi anachagua kichwa na urefu ambao bunduki yake inaupenda, na hilo huwezi kulinunua kirahisi dukani.

Usahihi je? Hapa nadhani watu wanajidanganya. Chukua risasi mbili, moja inatoka kwa mita 290 kwa sekunde na nyingine 305, ukipiga hesabu rahisi bila upinzani wa hewa tofauti yake kwa mita 50 ni kama sentimita moja na nusu tu. Mikono ya mtu anayepiga kwa saa inatetemesha zaidi ya hapo. Ila tofauti hiyohiyo ukiipeleka mita 200 inakuwa sentimita 22 hivi, hapo kondoo mzima umemkosa. Kwa hiyo anayepima kila punje ya baruti kwa ajili ya mechi ya mita 25 anachosha macho bure, muda huo angekuwa anafanya mazoezi ya triga, na wa mita 200 bila hiyo kazi hafiki popote. Tena yule kondoo lazima aanguke, ukimgusa akabaki amesimama hesabu yako ni sifuri, kwa hiyo wanaojaza wanatafuta kichwa kizito cha kumsukuma.

Kwa SASS ni kinyume, kikomo cha bunduki ndefu ni futi 1400 kwa sekunde na vichwa lazima viwe vya madini ya risasi (lead) bila koti la shaba, watu wanajaza nyepesi ili teke liwe dogo. Lakini ukijaza nyepesi kwenye ganda nene la .357 presha haitoshi kulipanua ganda likabe chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, moshi na masizi yanarudi nyuma usoni kwako. Ganda la .44-40, risasi nyingine ya leva za zamani, ni jembamba mdomoni na linaziba vizuri, ndio maana wengine hawataki kuliacha mpaka leo japo kulijaza ni kazi, linakunjika ukilisukuma vibaya.

Na wepesi huohuo ndio wenye hatari ninayoiogopa kuliko zote. .38 Special ilizaliwa 1898 kwa wakati wa baruti nyeusi, ganda lake ni kubwa kuliko mahitaji ya baruti ya sasa, dozi ndogo inakaa chini kabisa, kwa hiyo ukijaza mara mbili kwa bahati mbaya inaenea vizuri na kichwa kinakaa juu yake kama kawaida. Ukisahau kabisa kuweka baruti nayo, praima peke yake inasukuma kichwa kinakwama kwenye mtutu, na kwa leva mkono umeshazoea mwendo, unakoki na kupiga ya pili nyuma yake. Mtutu unavimba au kupasuka. Ukisikia mlio mdogo simama, fungua, angalia mtutu, hata kama mechi imekupita.

Hukumu yangu basi. Mwanachama mpya wa mechi za mita 50 anunue za kiwandani msimu mzima, atunze maganda yake, na akianza kujaza aanze na mtu mzoefu pembeni, kitabu cha dozi mezani, simu imezimwa, na kila trei ya maganda aimulike kwa taa ganda moja moja kabla ya kuweka kichwa. Wa SASS ajaze akishajua bunduki yake inakataa nini. Wa kondoo wa mita 200, huyo ningemwambia anunue presi hata kabla ya kununua lenzi nzuri ya kuangalia alama zake.